Skeli ya Elfu

Katika karakana yetu kulikuwa na mashine tuliyoiita Bi Harusi. Jina halikutokana na uzuri wake. Lilikuwa sanduku la chuma la rangi ya kijivu, zito la kuhitaji watu wawili kulinyanyua, lenye mshale mmoja, vitufe viwili vya kuzungusha na swichi ndogo pembeni, na kwa umri tulikuwa karibu rika moja. Tulimwita Bi Harusi kwa sababu alifunikwa kitambaa cheupe muda wote asipokuwa kazini, na kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kumgusa bila kufuata taratibu. Mafundi wanaume walikuwa na utani wao mwingine juu ya jina hilo, ambao sitauandika hapa.

Kazi ya karakana ilikuwa kutengeneza na kuhakiki vipimo vya umeme: mita, mizani, saa za mashine. Kazi ya Bi Harusi ilikuwa kupima maganda ya nyaya. Waya wa shaba una ganda lake, na kwenye koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, ganda hilo ni rangi tu iliyopakwa juu ya waya. Ganda likiwa zima, umeme unabaki ndani. Likiwa na tundu, umeme unavuja. Bi Harusi alikuwa na chanzo chake mwenyewe cha volti. Unaunganisha koili, unapandisha volti kidogo kidogo, unatazama kama kuna kinachovuja.

Tatizo lilikuwa ile swichi ya pembeni. Mshale ulisoma kutoka sifuri hadi mia, basi. Swichi ikiwa chini, kila alama ni volti moja; hiyo tuliiita skeli ya mia. Ikiwa juu, kila alama ni volti kumi, na ile mia inakuwa elfu. Mshale wenyewe hauna habari uko skeli ipi. Utakuonyesha hamsini bila wasiwasi wowote, iwe ni hamsini kweli au ni mia tano.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi ya kumfunika Bi Harusi. Wa mwisho kumtumia jioni anashusha volti hadi sifuri, anashusha kikomo cha mkondo kwa kitufe cha pili, anarudisha swichi ya pembeni chini, na hapo ndipo anatandika kitambaa. Anayekuja asubuhi akikuta kitambaa kimetandikwa anajua kila kitu kiko mahali pake. Hainami kukagua swichi. Kuinama kukagua kulikuwa sawa na kumwambia mwenzako kwamba humwamini, na kuna fundi mmoja aliwahi kununiwa wiki nzima kwa sababu hiyo. Ukiniuliza leo nitakwambia ulikuwa ujinga mtupu. Wakati ule tulijivunia.

Aliyeanzisha desturi hiyo ni Shemeji. Ni kaka mkubwa wa mume wangu, naye huniita mimi Shemeji vilevile, na ndiye aliyenitoa kwenye kuuza vocha kibarazani akanifundisha kushika bisibisi. Karakana nzima ilimwita Fundi Sifuri, kwa kuwa neno lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa "anza sifuri." Alikuwa mpole hadi anaudhi. Angeweza kutumia saa nzima kufungua kifuniko cha mita kwa sababu skrubu moja "haijakubali bado." Mimi ni wa haraka, mdomo wangu ni wa haraka zaidi, na kwa miaka saba tulifanya kazi meza moja tukitaniana asubuhi mpaka jioni. Nilimpenda, tena sana. Naliandika hili mapema kwa sababu yanayofuata hayatalionyesha.

Mwaka wa nane nilikuwa nangojea mhuri. Kwetu kazi bila mhuri haijaisha: hata ukikitengeneza kipimo kikawa kipya kabisa, mwenye mhuri asipogonga cheti chake ni kama hujafanya kitu. Waliokuwa na mhuri walikuwa wawili tu, bosi na Shemeji. Bosi alikuwa ameahidi kuongeza wa tatu mwezi ule, na kila mtu alijua kati yangu na jina langu kwenye mhuri kilichobaki ni siku tu.

Hapo ndipo mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi alipoleta kipimo chao cha zamani, cha kuonea mkondo mdogo sana wa umeme. Ndani yake kulikuwa na koili ya waya mwembamba kuliko unywele, iliyosukwa kwa mkono na fundi aliyekwisha kufa, na hakuna tena kiwanda kinachotengeneza kama ile. Nikanyoosha mkono kukipokea. Shemeji akakichukua yeye.

"Hiki niachie mimi, Shemeji," akasema, mbele ya mwalimu na bosi na wenzetu wote. "Mkono wako bado una haraka."

Hakusema kwa ubaya. Watu wakacheka, na mwalimu naye akacheka ili asionekane hana adabu. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni niliwaka. Nikajiona tena yule muuza vocha.

Mchana kutwa sikumwongelesha. Jioni nilibaki na Bi Harusi nikipima kebo ya pampu ya kisima, kazi ya volti mia nane, kwa hiyo niliipandisha ile swichi kwenye skeli ya elfu. Kebo ilikuwa nzima. Nikashusha volti, nikashusha kikomo cha mkondo, nikatandika kitambaa kwa hasira kiasi kwamba pindo lilining'inia upande mmoja. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake, akiningoja kama kawaida.

"Umemfunika Bi Harusi?" akauliza. Aliuliza hivyo kila jioni, yeyote awaye.

"Nimemfunika! Mimi si mtoto."

"Haya, mama. Yaishe."

Tulipofika getini wazo likanipitia: swichi. Sikukumbuka mkono wangu ukiigusa. Karakana ilikuwa hatua arobaini nyuma yangu na mlinzi alikuwa bado hajafunga. Nilichotakiwa kusema ni "ningoje kidogo." Lakini ningerudi vipi kukagua, mbele yake, baada ya kumwambia mimi si mtoto? Nikajisemea kwamba bila shaka nimeirudisha, mkono huzoea kazi yake wenyewe. Nikaenda zangu.

Asubuhi nilimkuta ameshaanza. Alizoea kuja mapema, akachemsha chai, akafuta vumbi mezani, halafu ndipo akamfunua Bi Harusi. Ile koili ilikuwa imeshaunganishwa. Kipimo kile kilitakiwa kujaribiwa kwa volti hamsini na si zaidi. Nilipokuwa natundika mkoba wangu alikuwa anazungusha kitufe kwa vidole viwili, taratibu, huku akihesabu kwa sauti ya chini: kumi, ishirini, thelathini.

Alipofika arobaini na kitu kukasikika tiki. Sauti ndogo tu, kama ya kuvunja njiti ya kiberiti. Kisha harufu ya rangi iliyoungua.

Kwanza alishusha volti hadi sifuri. Mikono yake ilifanya hivyo bila yeye kuitazama. Halafu akainama. Sikuhitaji kuinama naye. Nilijua kutoka pale niliposimama, mkono bado uko kwenye msumari wa mkoba.

"Iko juu," akasema. Akageuka. "Shemeji, jana uliiacha wapi?"

Niandike ukweli: hakunishutumu. Aliuliza kama anavyouliza fundi anayetafuta hitilafu, anaanzia mwanzo wa waya. Ningesema "sikumbuki, labda ni mimi," mambo yangeishia hapo. Ningepata aibu, mhuri ungechelewa mwaka mmoja, wangenitania hadi wachoke.

"Chini," nikasema. "Kwenye mia, kama siku zote."

Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Aliniamini. Kwa desturi yetu ilikuwa lazima aniamini.

"Basi nimeipandisha mimi," akasema. "Labda nilipokuwa nafuta vumbi." Akaishika ile swichi, akaipandisha na kuishusha mara mbili tatu. Ilikuwa ngumu, haipandi kwa kuguswa na kitambaa. "Mbona sikumbuki?" akasema, na safari hii hakuwa akiniuliza mimi.

Hapa lazima nieleze habari za mama mkwe wangu, mama yao. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, baada ya kuugua kusahau kwa miaka sita. Alianza na vitu vidogo: chumvi mara mbili kwenye sufuria moja, kiatu kwenye kabati la vyombo. Akamalizia kwa kuuliza njia ya kwenda chooni katika nyumba aliyoishi miaka arobaini, na kumwita Shemeji "baba." Shemeji ndiye aliyekuwa akimlisha, kijiko kwa kijiko. Siku moja tulipokuwa tunaosha vyombo vyake jikoni aliniambia, "Shemeji, sikiogopi kifo. Naogopa hiki. Na wanasema kinarithiwa." Aliniambia mimi peke yangu. Kwa hiyo asubuhi ile aliposema "mbona sikumbuki," nilijua anaona nini mbele yake. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani, na nikafyata ulimi.

Bosi hakumfukuza. Alisema kuharibika kupo, akampigia simu mwalimu, akajieleza, wakaelewana. Asiyemsamehe Shemeji alikuwa Shemeji mwenyewe. Kesho yake alikuja na daftari dogo, akawa anaandika kila alichofanya na saa aliyokifanya. Swichi chini, saa mbili na robo. Chai, majani yametiwa. Kabla ya kuwasha kitu chochote alikagua mara tatu, na mara ya tatu alinyanyua macho kuona kama kuna anayemwangalia. Aliyekuwa akitania kutwa sasa alikuwa akiniuliza kwa sauti ya chini, "Nimeshakuuliza hili leo?"

"Hapana, Shemeji. Hujaniuliza."

Ilikuwa wiki tatu. Siku kumi na nane za kazi, nimezihesabu baadaye. Kila siku nilikuwa na kisingizio chake. Jumatatu nitamwambia akipumzika. Jumanne yupo bosi. Jumatano nimeshachelewa, nikisema leo ataniuliza kwa nini sikusema jana. Kisingizio hicho cha Jumatano ndicho kilichodumu, maana kadiri siku zilivyopita ndivyo kilivyozidi kuwa cha kweli.

Mwisho wa wiki ya tatu alimwekea bosi mhuri wake mezani. "Kazi hii inataka mtu anayejua alichofanya dakika tano zilizopita," akasema. "Mpe Shemeji. Mkono wake umetulia siku hizi." Nilikaa chooni nikalia mpaka macho yakavimba. Nilipotoka wenzangu walinipongeza, wakasema machozi ya furaha hayo.

Nimeugonga mhuri huo miaka kumi na moja.

Kazini niliacha kumwona Shemeji, lakini nyumbani je? Ni kaka wa mume wangu. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja na mlango mdogo ambao haufungwi. Nilimwona kila siku iendayo kwa Mungu. Niliona alivyowakatalia majirani waliomletea redio na pasi, yeye ambaye zamani asingelala na pasi mbovu ndani ya nyumba. Alikuwa na miaka hamsini na mbili tu, na akajiweka kando kama mtu wa themanini. Karatasi zikaanza kupanda ukutani kwake: gesi imezimwa, mlango umefungwa, bomba. Daktari alimpima mara mbili, akampa maneno ya kukariri na michoro ya saa ya kuchora, akamwambia kichwa chako ni kizima. Shemeji alimshukuru, akatuambia nyumbani, "Hata mama alipita mtihani wa kwanza."

Nami nikawa mtu mwema. Ah, niliutafuta wema kwa udi na uvumba. Nilimfulia, nilimpelekea chakula, mkewe alipougua sukari nilimpeleka hospitali kila mwezi. Mkewe tulimwita Mama Mapacha, kwa mabinti zake wawili. Watu wa mtaani walikuwa wakimwambia mume wangu, umeoa dhahabu. Sifa hizo nilizimeza kama dawa chungu, na sikuacha kuzitafuta. Mama Mapacha alifariki miaka mitatu iliyopita, ghafla, siku ya kazi. Baada ya hapo Shemeji akazidi kunyamaza. Tulisema ni majonzi, na mtu akifiwa na mkewe nani atamshangaa?

Mwezi uliopita mmoja wa mapacha alikuja na mtoto wake wa kwanza, wa siku arobaini na kitu. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwa Shemeji, mume wangu akisimulia kisa cha zamani, na Shemeji akamsahihisha: haikuwa Alhamisi, ilikuwa Ijumaa, na aliyeanguka kwenye mtaro si jirani, ni wewe. Tukacheka mpaka mtoto akashtuka. Huyu ndiye mtu anayesahau! Kisha binti akasema, "Baba, nishikie mjukuu wako, naenda kuoga. Dakika kumi tu." Mume wangu na mimi tulikuwa tunaondoka.

Shemeji akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Mpe mama yako mdogo," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Baba, tangu nimefika hujamshika hata mara moja. Umechukia nini?"

"Sijachukia kitu. Nikimlaza mahali, halafu nikasahau nimemlaza wapi?" Alisema hivyo akitabasamu, lakini alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, hadi mgongo wake ukakunja zile karatasi.

Binti alilia. Nilimpokea mtoto, nikamshika dakika kumi zile, na kila mara nilipoinua macho Shemeji alikuwa anamtazama yule mtoto. Hapo niliona ni afadhali anichukie.

Hata hivyo nilichukua siku tisa nyingine kabla ya kumwambia. Mume wangu nilimwambia usiku wa kuamkia siku yenyewe. Hakunigombeza, aligeukia ukutani tu. Jumamosi, kama saa nne asubuhi, nikapita ule mlango mdogo. Shemeji alikuwa mezani na daftari lake na kikombe cha chai. Akavuta kiti akanifutia.

"Karibu, Shemeji. Mbona umejifunga hivyo, unakwenda msibani?"

"Nina neno. Ukinikatiza sitaweza kulimaliza."

Nikamwambia. Nilidhani nitalia, nitapiga magoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mazuri. Nilipofungua mdomo yalitoka makavu: ile asubuhi swichi ilikuwa juu kwa sababu mimi niliiacha juu. Uliponiuliza nilikudanganya.

Hakukasirika. Alifanya alichokuwa akifanya siku zote kitu kinapoharibika: alianzia mwanzo wa waya.

"Ulikuwa unapima nini?"

"Kebo. Ya pampu ya kisima."

"Volti ngapi?"

"Mia nane."

"Kwa hiyo ulipandisha kwenye elfu."

"Ndiyo."

"Na kushusha, unakumbuka hukushusha, au hukumbuki kama ulishusha?"

"Jioni sikukumbuka. Asubuhi nilipoona nilijua. Shemeji, nilijua kabla hujainama."

"Kitambaa kilikuwa upande," akasema. "Pindo linaning'inia. Nililiona pindo lile, nikasema Shemeji leo kaondoka na hasira. Kwa hiyo sikuigusa."

"Hukuigusa."

"Na nilikuwa nakumbuka sawasawa. Nilikuwa nakumbuka kwamba sijaigusa."

"Ulikuwa sawa. Kichwa chako hakijawahi kuwa na kasoro. Ni mimi. Nitukane, Shemeji. Nifukuze."

Wala hakunisikia. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya daftari, na uso wake ulianza kubadilika. Nilidhani ni furaha inakuja. Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilifurahi, nikaona hata mimi nitapumua.

"Mama Mapacha," akasema.

"Amefanyaje?"

"Ile sindano yake ya kushusha sukari, ya asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa namchoma." Aliongea polepole, kama vile anasoma. "Siku ile nilimchoma. Mkono wa kushoto. Akalalamika spiriti ni ya baridi. Nikatoka kuja hapa mezani kutia alama, akabisha hodi msoma mita ya maji. Nikaenda naye uani. Niliporudi nikafungua daftari, hakuna alama."

Nilitaka kumwambia anyamaze.

"Kichwa kiliniambia nimeshamchoma. Nilikuwa naona kabisa ule mkono wa kushoto. Lakini nikasema, kichwa hiki? Kichwa hiki ndicho kilichopandisha swichi na hakijui. Daftari halidanganyi. Nikarudi chumbani. Akaniambia, 'Baba Mapacha, si umeshanichoma?' Nikamwambia, hapana mke wangu, daftari halina alama. Akanyoosha mkono. Alikuwa ananiamini mimi na daftari langu. Akasinzia, nikamfunika shuka vizuri. Saa sita nilipokwenda kumwamsha ale, haamki."

"Shemeji."

"Hospitali walisema sukari imeshuka ghafla. Wakaniuliza kama alikula, nikasema alikula. Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni, ni ugonjwa. Ndiyo unavyokuwa, ugonjwa huu, hata mama angeweza kuua mtu na asijue. Sikuwa mimi, ulikuwa ugonjwa. Miaka mitatu ndivyo ninavyolala."

Akafungua daftari, akalifunga. Nje watu walikuwa wakipita na mazungumzo yao ya Jumamosi, mtu akimwita mwenzake amngoje.

"Kumbe sikuwa na ugonjwa," akasema.

Nilikuwa nimekuja kumrudishia kichwa chake kizima, na nilikuwa nimemrudishia. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kumwezesha kulala nilimnyang'anya mimi, kwa mkono uleule, asubuhi hiyohiyo, nikidhani namfanyia hisani. Nilimshika mkono juu ya meza akaniachia niushike. Ulikuwa umetulia kabisa, ule mkono wa fundi, wala hautetemeki.

Baadaye akasimama, akanisindikiza hadi kwenye ule mlango mdogo kama anavyomsindikiza kila mgeni. Akaniambia nimsalimie mdogo wake. Nikavuka kwenda upande wangu, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale nikausikia mlango ukifungwa nyuma yangu kwa komeo.